Maneno arobaini kwa siku, Jumapili hakumbuki hata kumi: binti yangu atauwezaje usaili wa Kiingereza?

“Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yupo darasa la saba, shule ya serikali hapa Morogoro, anasoma kwa Kiswahili. Darasani hatoki tatu bora. Akishamaliza mtihani wa taifa wa Septemba tunataka afanye usaili wa kidato cha kwanza kwenye shule moja ya bweni ya wasichana. Nimeambiwa usaili ni Kiingereza, Hisabati na Sayansi, yote kwa Kiingereza. Mwalimu wake wa tuisheni amempa daftari lenye maneno zaidi ya elfu moja, akariri arobaini kwa siku. Usiku ananisomea yote bila kukosea, ikifika Jumapili hakumbuki hata kumi. Juzi alilia, akasema ana kichwa kigumu. Kaka yangu anasema tuache kabisa Kiswahili nyumbani, lakini mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Wengine wananishauri nimhamishie shule ya Kiingereza amalizie huko. Imebaki miezi mitatu. Je, mwanangu ana tatizo la kumbukumbu? Anahitaji maneno mangapi? Na mimi nisiyejua, nimsaidieje?”

Marahaba, mama.

Nianze na lile lililomliza binti. Mtoto anayekariri maneno arobaini jioni moja na kukusomea yote bila kukosea hana kichwa kigumu. Ana kichwa kizuri kinachofanyishwa kazi vibaya. Ningepata wasiwasi kama angekuwa anasahau hata yale anayofundishwa kwa Kiswahili, lakini wewe mwenyewe unasema hatoki tatu bora. Kinachompata kingenipata mimi, na kingempata huyo mwalimu wa tuisheni pia, tungepewa leo maneno arobaini ya Kichina na kuambiwa tuyataje Jumapili. Mwambie hivyo leo jioni, kabla hujamaliza kusoma haya.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya dakika, saa na siku kadhaa ni kiasi gani kimebaki. Sehemu kubwa ilipotea ndani ya siku ya kwanza, halafu kasi ya kusahau ikapungua. Akagundua pia kwamba kile kilichoonekana kimepotea hakikuwa kimepotea chote, kwani kukikariri upya kulimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Sasa litazame daftari la binti yako. Ukurasa mmoja una “ancestor”, chini yake “furniture”, chini yake “reluctant”. Hayajuani. Kwake hayo ni kama zile silabi za Ebbinghaus, na yanamtoka kwa njia ileile.

Kuna na jambo la pili, nalo ndilo linaloeleza kwa nini usiku anajua na Jumapili hajui. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine waliambiwa wafunike na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa wiki moja baadaye mambo yaligeuka, waliojipima wakawa mbele kwa mbali. Binti yako anarudia kusoma, na wewe unampima dakika tano baadaye. Ndiyo maana kila usiku nyote wawili mnalala mkiwa na furaha ya uongo.

Kwa hiyo daftari lile lifungwe? Lisitupwe. Lina kazi moja nzuri. Mpe kalamu apitie maneno yote taratibu, kwa siku mbili tatu. Neno analoweza kulitungia sentensi yake mwenyewe aliwekee alama ya vema. Neno aliloliona mahali lakini hana uhakika nalo aliwekee nukta. Neno asilolijua kabisa aliache tupu. Wengi huanza na yale matupu, kwa sababu ndiyo yanayotisha. Mimi nataka aanze na yenye nukta. Hayo ameshakutana nayo darasani mara tano sita, yamebakiza kidogo tu kukomaa, na kila moja litamgharimu dakika chache. Matupu mengi yanaweza kusubiri hata kidato cha pili, na mengine hatayahitaji mpaka azeeke.

Maana maneno hayalingani thamani. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na maneno hayo pamoja na ndugu zake, yaani yale yanayozaliwa nayo, hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Binti wa darasa la saba anayefanya vizuri ameshayapata mengi ya hayo, hata kama hajiamini. “Reluctant” ni neno zuri, silichukii, lakini mtoto asiyejua tofauti ya “since” na “until” halimsaidii kitu.

Yapo maneno ambayo orodha za tuisheni huyaruka na ndiyo yanayowaangusha watoto wetu. Nimesimamia na kusahihisha mitihani ya usaili kwa miaka mingi, na kuna kijana mmoja siwezi kumsahau. Swali lilikuwa la Hisabati, la mtoto wa darasa la tatu kwa kweli: “Asha had 15 mangoes. She gave 6 to her brother. How many mangoes were left?” Kijana alinyoosha mkono, nikamfuata, akaninong’oneza: “Mwalimu, kushoto kwa nani?” Alikuwa amefundishwa kwamba “left” ni kushoto, bila kuambiwa kwamba ni kubaki pia, akalikariri vizuri, na neno likamsaliti pale alipolihitaji. Mwingine aliulizwa “Find the difference between 48 and 30”, akaandika kwa Kiingereza cha kujitahidi kwamba 48 ni kubwa na 30 ni ndogo. Hakukosea. Alijibu swali ambalo hakuulizwa. Wote wawili walijua kutoa tangu darasa la pili.

Hapo ndipo penye mavuno ya haraka zaidi kwa mtoto wako, mama, na ningependa uniamini hata kama mwalimu wake atashangaa. Hisabati na Sayansi anazijua tayari kwa Kiswahili. Anajua mzingo wa mstatili, anajua wastani, anajua namba shufwa na namba witiri, anajua KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), anajua uvukizi na mmeng’enyo wa chakula. Kitu kipo kichwani, kinachokosekana ni jina lake la Kiingereza. Kumfundisha mtoto neno “perimeter” ilhali hajui mzingo ni nini ni kazi ya wiki. Kumfundisha anayejua mzingo ni kazi ya dakika moja, na siku hiyohiyo anaweza kulitumia. Namba shufwa ni “even numbers”, witiri ni “odd numbers”, zao la namba mbili ni “product”, baki ni “remainder”, na namba tasa ni “prime numbers”. Achukue madaftari yake ya Hisabati na Sayansi ya darasa la tano hadi la saba, aandike kila istilahi aliyofundishwa, kisha mwalimu wa tuisheni amwekee jina la Kiingereza pembeni. Nakisia zitafika mia moja na hamsini hivi. Azianze hizo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu zitamlipa kwenye karatasi mbili kati ya tatu.

Pamoja nazo ziende zile amri za mtihani: “choose”, “underline”, “arrange”, “complete”, “match”, “give the opposite of”, “give reasons”, “according to the passage”. Hizi hazizidi thelathini. Mtoto anayesita kwenye amri hupoteza swali zima, hata kama jibu analo.

Sasa kuna dhana inayotusumbua walimu kuliko zote, kwamba kila neno la Kiswahili lina pacha wake mmoja wa Kiingereza. Orodha za safu mbili ndizo zinazoilea. Chukua neno kupiga. Kiswahili kinapiga simu, kinapiga pasi, kinapiga picha, kinapiga mswaki, kinapiga hodi, kinapiga kelele. Kiingereza kila mahali hapo kina kitenzi kingine: “call”, “iron”, “take”, “brush”, “knock”, “make”. Mtoto aliyekariri kwamba kupiga ni “beat” ataniandikia kwamba alimpiga bibi simu mpaka nimwonee bibi huruma. Kuchoma nako kuna mambo yake. Tunachoma nyama, tunachoma takataka, muuguzi anatuchoma sindano, na Kiingereza hakichanganyi hata mawili kati ya hayo. Na kusikia ndiyo usiseme. “I hear hunger” na “I am hearing a bad smell” nimeyasahihisha zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na kila mara najua mtoto huyu Kiswahili chake ni kizuri.

Kwa haki, mambo huenda na upande wa pili pia. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, Mwingereza anahangaika na “rice” moja tu. Sisi tunamtofautisha mjomba na baba mdogo, yeye wote kwake ni “uncle”. Mweleze binti hivyo. Watoto wa shule zetu hudhani kila kitu cha Kiingereza ni kigumu na kikubwa, na wakiona pengo liko upande wa pili hofu hupungua.

Dawa ya tatizo hili ni kwamba neno lisiandikwe peke yake kamwe. Liandikwe ndani ya sentensi fupi ambayo binti angeweza kuisema kweli katika maisha yake. Twende kwenye kadi, nikuonyeshe.

Tafuta manila au majalada ya madaftari ya zamani, mkate vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja aandike sentensi ya Kiswahili, mfano: “Naomba kuazima kalamu yako.” Upande wa pili: “May I borrow your pen?”, na neno lenyewe alipigie mstari. Kadi nyingine: “Nitakuazima kalamu yangu”, na nyuma yake “I will lend you my pen.” Aziweke kadi hizo mbili mezani pamoja. Ataona mwenyewe kwamba Kiswahili kimetumia kuazima kote kuwili, lakini Kiingereza kinatazama kitu kinaelekea wapi. Kikija kwangu ni “borrow”, kikitoka kwangu ni “lend”. Akishalisema hilo kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, hatakuja kulichanganya kirahisi. Kadi mbili kama hizo, dakika tano, zina faida kuliko ukurasa mzima wa daftari lile.

Kisha mtafute katoni la viatu, mligawe vyumba vitatu kwa vipande vya boksi. Mpango huu wa vyumba si wangu, ulienezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, yeye akiwa na vyumba vitano. Kwa miezi mitatu vitatu vinatosha. Kadi mpya zote zinaingia chumba cha kwanza, ambacho kinapitiwa kila siku. Kadi aliyoipatia inahamia chumba cha pili, kinachopitiwa Jumatano na Jumamosi. Akiipatia na huko inakwenda chumba cha tatu, cha Jumapili tu. Aliyoikosea, hata ikiwa ya chumba cha tatu, inarudi mwanzo bila kesi wala lawama. Maana ya kuipa kadi nafasi ni kwamba aikumbuke pale anapokaribia kuisahau. Ule mkunjo wa uso unaouona anapotafuta neno, kabla hajalipata, ndiyo kazi yenyewe inafanyika. Usimharakishie jibu.

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Unaniuliza utasaidiaje usiyejua Kiingereza. Wewe shika kadi, soma upande wa Kiswahili, yeye aandike kwa Kiingereza kwenye karatasi, kisha geuzeni mlinganishe herufi kwa herufi. Hilo halihitaji Kiingereza hata kidogo, linahitaji macho na dakika ishirini. Baada ya hapo muulize, kwa Kiswahili: “Kwa nini hapa umeandika hili na si lile la jana?” Kwa sababu wewe hujui, itambidi akueleze mpaka uelewe, na hawezi kukubabaisha kama anavyoweza kumbabaisha mwalimu. Nimewaona wazazi wanaojua Kiingereza wakiwa watahini wabovu kabisa, wanakatiza, wanacheka matamshi, wanajibu wenyewe.

Jikoni napo tumieni. Binti akiwa anakusaidia kupika, mpe vitenzi vya pale pale: menya, katakata, koroga, chemsha, kaanga, mimina. Akitafute Kiingereza chake, akiseme huku mkono unafanya. “I am peeling the onions. I am stirring the porridge.” Ukoo mzima wa vitenzi unaingia bila daftari, na kwenye insha ya usaili mtoto anayejua “stir” na “pour” ana hadithi ya kusimulia. Anayejua “reluctant” peke yake hana.

Nimesema ukoo. Maneno ya Kiingereza yana uzao kama ya kwetu, na binti yako anaufahamu mchezo huo bila kujua kwamba anaufahamu. Muulize kutokana na pika tunapata nini. Atakujibu mpishi, mapishi, upishi, pikia, pikwa. Kutokana na soma: msomi, msomaji, somo, kisomo, somesha. Sisi tunaongeza mbele na nyuma, na Waingereza wanafanya vivyo hivyo. “Teach” inamzaa “teacher”, “farm” inamzaa “farmer”. “Happy” inazaa “unhappy” na “happiness”. “Care” inazaa “careful” na “careless”. Ajifunze viambishi kama kumi na viwili tu, “un-”, “re-”, “dis-”, “-er”, “-ness”, “-ful”, “-less”, “-ly” na wenzake, na kila kadi mpya ajiulize ina ndugu gani. Amwangalie tu mwizi mmoja: “cooker” si mpishi, ni jiko. Mpishi ni “cook” mwenyewe. Huyo huwanasa hata watu wazima.

Tatizo lingine ni sauti. Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto wetu akiona “knife” anasoma kinife kimoyomoyo, analikariri hivyo, na siku mwalimu akitamka “naifu” hajui kwamba ni neno lilelile. Amebeba maneno mawili badala ya moja. Si kosa lake. Ile k ilikuwa ikitamkwa zamani. Tahajia ya Kiingereza ikaanza kuganda baada ya William Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, midomo ya watu ikaendelea na safari. Mara moja kwa wiki mwalimu wa tuisheni amsomee kadi zote mpya kwa sauti, naye arudie. Kama kuna simu nyumbani yenye kamusi, kuna kitufe cha spika pembeni ya neno, akibonyeze.

Kadi peke yake hazitoshi, lazima asome. Dakika kumi na tano kila siku, kitabu chepesi. Sisemi kigumu cha kumtoa jasho. Watafiti wa usomaji husema mtu huelewa vizuri bila msaada akiwa anajua kama maneno 98 katika kila 100. Ukilitafsiri hilo kwa lugha ya nyumbani: akifungua ukurasa mfupi na kukuta maneno matano au sita asiyoyajua, kitabu hicho kimemzidi, achukue cha darasa la chini yake. Hakuna aibu mtoto wa darasa la saba kusoma kitabu cha Kiingereza cha darasa la nne, mradi anakisoma na kukielewa. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba mtandao yake, na shuleni kwake navyo vipo. Neno asilolijua asilikimbilie kamusi. Kwanza akisie kwa kutazama sentensi, ndipo ahakikishe. Kwenye usaili kamusi haitakuwepo, kukisia kutakuwepo.

Umeuliza maneno mangapi. Maneno manane kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili ni 480. Ondoa wiki mbili za kuelekea mtihani wa taifa, ambazo asiongeze kadi mpya, apitie za zamani tu. Inabaki 400. Humo ndani zimo zile istilahi za Hisabati na Sayansi. Mia nne yaliyokaa, kila moja na ndugu zake wawili watatu, yanamfikisha mbali kuliko elfu moja yaliyopita kama upepo wa Uluguru. Siku mbili za wiki zisizo na maneno mapya ziachwe hivyo hivyo. Na alale. Mtoto anayekesha na daftari mpaka saa sita usiku anajiibia mwenyewe.

Sasa ushauri wa ndugu na majirani. Kuacha Kiswahili nyumbani, hapana. Nyumba itakuwa kimya, mtoto ataogopa kukosea mbele ya wadogo zake, na utapoteza ile nafasi ya kumfanya aeleze mambo kwa kina katika lugha anayoimudu, ambayo ndiyo inayobeba Kiingereza chake. Lakini kaka yako ana hoja kwamba mtoto anahitaji kuzungumza, na kwa kuwa hoja ni yake, kazi apewe yeye. Ampigie simu mara mbili kwa wiki, dakika kumi, kwa Kiingereza tu, wazungumze habari za shule na mpira na chakula. Itasaidia sana kama shule hiyo ina usaili wa ana kwa ana, ambako huuliza mambo ya kawaida: familia yako, somo unalopenda, kwa nini unataka kuja hapa. Asikariri hotuba. Walimu huijua hotuba ya kukariri kwenye sentensi ya kwanza, humkatiza mtoto kwa swali dogo, naye anapotea.

Kumhamishia shule ya Kiingereza mwezi huu, hapana kabisa. Watahiniwa wa mtihani wa taifa wameshasajiliwa shuleni kwao, naye amesoma miaka yote kwa Kiswahili, mtihani wake ni wa Kiswahili isipokuwa karatasi ya Kiingereza. Kumvuruga sasa ni kuhatarisha kilicho mkononi kwa ajili ya kilicho mtini. Fedha ya uhamisho huo iweke kwa ajili ya kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza baada ya Septemba, na hata hiyo uichunguze kwanza. Kozi nzuri inawafanya watoto waandike na kuzungumza. Kozi mbaya inawapa daftari lingine la maneno elfu moja.

Tuisheni iendelee, kwa masharti mapya. Nenda ukaongee na mwalimu kwa heshima, mwambie mtoto anakwama, mwombe apunguze maneno yawe manane na ile saa yake aitumie kumsikiliza, kumsahihishia sentensi na kumsomea kadi. Walimu wengi wakiombwa vizuri hukubali, hutoa orodha ndefu kwa sababu wazazi ndio wanaozipenda. Akikataa, saa hiyo binti aitumie nyumbani na wewe. Na akitokea mtu anayekuuzia karatasi ya usaili “iliyovuja”, mfungie mlango.

Nisikudanganye kuhusu matokeo. Atakaa chumba kimoja na watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na kwenye insha watamshinda wengi wao, miezi mitatu haiwezi kuziba miaka saba. Kwenye Hisabati na Sayansi, akishajua maswali yanasema nini, anaweza kuwapita, na hapo ndipo ningeweka matumaini yangu. Asipochaguliwa, kidato cha kwanza cha serikali nacho hufundishwa kwa Kiingereza, na katoni lile la viatu ataingia nalo Januari.

Kuna mambo ambayo kadi haziwezi kuyatibu. Kama anakunja macho kutazama ubao, anasogeza kitabu puani, au kichwa kinamuuma kila akisoma, mpeleke hospitali apimwe macho kabla ya yote. Kama hata Kiswahili anakisoma kwa kukwamakwama, anaruka mistari, anageuza herufi, muone mwalimu wake wa darasa na uulize kama wilaya yenu ina mwalimu wa elimu maalumu wa kumtazama, ingawa kwa mtoto wa tatu bora sidhani. Na kama kilio cha juzi kinajirudia, hali chakula vizuri, anashtuka usiku, au tumbo linamuuma kila siku ya tuisheni, simamisha kila kitu kwa wiki moja, zungumza naye, na usipoona nafuu nenda kituo cha afya.

Kabla hamjakata hata kadi moja, nenda au piga simu shuleni kwenyewe, usitegemee ya kuambiwa. Uliza usaili una karatasi ngapi, kila moja huchukua muda gani, kama kuna insha, kama kuna mahojiano, na kama wanauza au kutoa mitihani ya miaka iliyopita. Kisha uliza kama Hisabati ni kwa Kiingereza kweli, maana shule nyingine zinazopokea watoto kutoka shule za Kiswahili huwaandalia karatasi ya lugha zote mbili. Wakikwambia ni lugha zote mbili, zile kadi mia moja na hamsini anaweza kuzitengeneza Oktoba, na wiki hii akaanza na jikoni.